Zamu Yako

Kila Jumamosi saa tatu usiku
kaka yangu Ülar huvuka mto na jeshi lake.
Yeye yuko Tartu, ghorofa ya nne, soksi za sufu miguuni;
mimi niko huku shambani, karibu na Põlva,
jiko la kuni mgongoni,
paka kalalia barua ya mwanasheria.
Hatujasemezana tangu tumzike baba.
Miaka mitatu. Ila kupigana, tunapigana vizuri.

Mchezo wenyewe ni wa enzi za mapanga.
Unapewa jimbo, ngome ya magogo, watu mia mbili na kumi,
na majira manne ya kugawa mikono yao:
hawa wakalime, hawa wakachonge mawe,
hawa wafue chuma.
Ukizidisha kodi, wanahama usiku.
Ukipunguza mkate,
kiuso kidogo pembeni mwa skrini kinanuna,
kisha hesabu inashuka, bila kilio, bila sanda.

Babu wa babu wa babu yetu alikuwa hesabu ya namna hiyo.
Aliandikwa katika daftari la bwana Mjerumani
baina ya farasi wawili na kinu.
Leo vitukuu vyake tunabofya: ongeza kodi.

Ülar hucheza kama anavyokula, hatafuni.
Mikuki kwanza, shayiri baadaye.
Mimi hucheza kama baba:
theluthi ya shamba naipumzisha, ghala nalijaza,
nachekwa.

Na lile shamba lingine, la kweli,
hekta kumi na moja zinazozaa mawe kila theluji inapoyeyuka,
yeye anataka kuliuzia kampuni ya mbao.
Mimi nataka... sijui ninachotaka.
Nataka asitake.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wanasema.
Nani achukue jembe mwezi wa pili,
ardhi imeganda kama kisigino cha mzee?

Jumamosi hiyo alikuja na manjaniki matatu.
Njiani palikuwa na kijiji kidogo, kaya saba, malisho.
Alikichoma kwa mbofyo mmoja, kama mtu anayefukuza nzi,
akafika chini ya kuta zangu, akapiga kambi.
Nikasubiri mawe yaanze kuruka.
Badala yake, maneno:

*Punik?*
*Kijiji umekiita Punik?*

Nikaandika: ndiyo.

Punik, ng'ombe mwekundu, sikio limechanika.
Usiku aliozaa ndama wake wa kwanza
Ülar alikuwa na miaka tisa, akalala zizini,
na mama akaenda kumfunika koti
akamkuta anamwimbia ng'ombe wimbo wa taifa
kwa kuwa hakujua wimbo mwingine mzito.

Dakika kumi na moja, kimya.
Kisha hema moja likang'olewa. La pili.
Jeshi likageuza migongo
na magari matatu ya ngano yakatoka kwenye ghala lake
kuelekea kijiji ambacho sasa ni doa jeusi.
Mchezo haukujua pa kuyapeleka.
*Hakuna wa kupokea*, ukaandika,
nayo yakaanza kuzunguka zunguka njia panda.

Simu ikalia.

"Alikufa mwaka wa mafuriko," akasema. Hakunisalimu.
"Mwaka uliofuata."
"Virve, mimi ndiye niliyemchimbia kaburi."
"Wewe ulikuwa jeshini. Kachimba baba, na mimi nikashika taa."
"Taa ipi?"
"Ile ya kioo kilichopasuka."
"Ile niliipasua mimi."
"Najua."

Tukabishana nusu saa juu ya ng'ombe mfu,
sauti zikipanda, kuni zikiisha jikoni,
na ya mpaka hakuyagusa mtu.

Paka akaamka, akajinyoosha, akashuka.
Barua ilikuwa na joto na manyoya.
Sikuifungua.

"Haya," akasema Ülar, "zamu yako."
Ngano yake ilikuwa ingali barabarani.